Kamera Inayoning'inia Kama Popo

Jumanne, 4 Machi

Ndiyo, inashika! Shika mwenyewe uone, haing'ati! Ndivyo nilivyomjibu yule mpiga picha wa pasipoti leo, na ulimi bado unaniwasha, ndiyo maana naandika. Kisha nikaikamata kamera kwa lenzi, kwa pua kabisa, nikauachia mwili uning'inie hewani. Popo! Nikaibembeza kushoto, kulia. Kibaraza kizima lo! Mama mmoja akafumba macho kama mtoto wake ndiye anayeanguka.

Ikashika. Hushika kila siku. Ni kamera ya maonyesho, kampuni imenipa niiweke mezani. Anayeitaka anaagiza ya kwake.

Hawaagizi! Wanacheka, wanapiga makofi, wanauliza bei — halafu ghafla wanakumbuka wameacha sufuria motoni.

Daftari hili kanipa Mama Watoto. Kasema maneno yakinibaki jioni niyamalizie humu, wao wapate kula kwa amani. Mke wangu ananipenda sana.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja Bwana Tai, mtu wa kampuni. Jina analo, lakini tai yake inaingia mahali kabla yake. Jua linatuyeyusha sisi wote, yeye kajifunga shingo kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Anauliza wateja wanataka nini. Makao makuu wanataka kujua. Nikamwambia keti, usikie vituko. Wa pasipoti anataka bei rahisi. Wa harusi anataka picha safi kama maji ya mtungini. Shemeji yangu — mdogo wa mke wangu, anapiga picha za mashule na mahafali — anataka isiyokufa, maana ya kwake inakohoa kwanza ndipo ipige, kama mzee anayetaka kutoa hotuba. Na wote, bwana, wote wanataka hayo yote kwa bei ya karanga!

Akacheka. Akauliza, tukishindwa kuwapa vyote, wataachia kipi?

Mimi tena! Nikamjibu papo hapo: bei msiiguse ila kwa kuishusha. Mteja haangalii ndani. Anaangalia bei, anaangalia rangi, anaangalia jirani kanunua nini. Punguzeni popote mnapoweza, mradi uso ubaki uleule.

Kaandika. Kasema nina akili ya soko. Halafu katupa neno kama mtu anayetupa mfupa: bei ikishuka watataka wakala hapa. Duka! Duka lenye mlango, na kibao!

Tangu hapo sijakaa. Nimehamisha meza kulia, nikairudisha, nikaihamisha tena. Jirani yangu muuza vitabu kaniuliza kama nina siafu kwenye suruali.

Jumanne, 2 Septemba

Daftari, kumbe ulikuwa chini ya godoro. Nisamehe. Miezi yote hii nilikuwa na kazi ya kuning'iniza popo na kusikia habari za masufuria.

IMESHUKA! Karibu nusu! Gari la kampuni limekuja na maboksi mpaka dirishani. Na bango: TUMEWASIKIA WATEJA WETU. Wamewasikia wapi? Mdomo ulikuwa wangu!

Jina lilelile, rangi ileile, uso uleule. Nikamwuliza Bwana Tai, ni ileile? Ileile, kasema, imeboreshwa kwa ajili ya soko.

Duka ni kile chumba kando ya benki, chenye mlango wa chuma. Ufunguzi Jumamosi ya wiki ijayo, na bosi wake atakuwepo. Nikiwafanyia watu popo siku hiyo na maboksi yakaondoka, nakabidhiwa ufunguo hapohapo. Nikichemsha, yuko muuza simu ng'ambo ya barabara kakaa mkao wa kula.

Mama Watoto kesha kwenda kupima dirisha, ashone pazia. Watoto nao wanagombania pembe za kusomea. Mvua ikinyesha huwa wanafanya kazi za shule chini ya meza yangu, vichwa vinagonga mbao, na mimi juu nasema karibu mteja!

Ijumaa, 5 Septemba

Mteja wa kwanza: Shemeji. Kavunja kibubu.

Kaniangalia usoni. "Shemeji, unaniuzia au unaniuza?"

Nikamwambia, nikikuuza wewe, dada yako ataniuza mimi, na sidhani kama nitapata bei nzuri.

Kacheka. Kauliza, na popo inafanya? Inafanya! Nimeifundisha mwenyewe! Nikachukua ile ya mezani, nikaining'iniza mbele yake. Ya kwake ilikuwa bado kwenye boksi, na nailoni yake. Kesho ana mahafali ya chuo cha wauguzi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kaondoka anaruka madimbwi kama msichana.

Nilipombebea boksi niliona ni jepesi. Nikasema afadhali, shingo haitamuuma.

Jumamosi, 6 Septemba

Shemeji kaja. Hakupiga hodi.

Siandiki leo.

Jumapili, 7 Septemba

Haya. Wauguzi walipangwa kwenye ngazi, kofia vichwani, nyuso zimekauka kama wao ndio wanaosubiri sindano. Shemeji akasema watabasamu, wapi! Akakumbuka dawa ya shemeji yake. Akafanya popo.

Pua ikabaki mkononi. Mwili ukashuka ngazi, moja moja, mpaka chini.

Walicheka, kasema. Walicheka sana. Cheko zuri, meno yote nje — na hana kamera ya kulipiga. Kazi akaimalizia na ile inayokohoa. Nusu ya picha zina ukungu.

Vipande kaviweka mezani kwetu. Pua huku, mwili kule.

"Shemeji, popo wako kafa."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua pa kushika! Mama Watoto alikuwa anakunja nguo. Kamwangalia mdogo wake, kaniangalia mimi, kazikunjua nguo zilezile, kaanza kuzikunja upya.

Nikajaribu mzaha. Nikasema si ungewaambia wauguzi waifunge bendeji.

Hata watoto hawakucheka.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua boksi jipya. Nimeitoa lenzi, nikaitoa na ya ile ya maonyesho, nikaziweka sambamba. Kuna pete pale mwilini, ndiyo inayoikamata lenzi isitoke. Ya maonyesho ni chuma, ukigusa ina baridi. Ya kuuza ni plastiki. Imepakwa rangi ya fedha, na imepakwa vizuri! Jicho halikuona kitu. Ukucha ndio uliojua.

Kumbe naonyesha mke, nawaozesha shangazi.

Nimezirudisha. Nimezitoa tena, labda nimekosea. Sikukosea. Nimeuzunguka mtaa, nikarudi, nikauzunguka kwa upande wa pili labda una habari tofauti. Mteja kaja kuuliza bei, nikamwambia kaangalie sufuria yake.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwonyesha Bwana Tai zile pete mbili. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi.

Kasema plastiki ile inatosha kwa matumizi ya kawaida. Kasema, je, picha si safi? Ni safi. Kioo cha lenzi hawakukigusa, kile cha ndani kinachonasa picha hawakukigusa, waliona mteja akipata picha mbaya atarudi na rungu. Basi wakakata mahali pengine. Bei haishuki kwa dua, kasema, lazima kitu kitoke. Na karatasi ya ndani ya boksi inasema usiibebe kamera kwa lenzi.

"Nani alikutuma uining'inize?"

Wewe! Ulikuwa unapiga makofi!

"Nilipiga makofi kwa ile ya chuma."

Halafu akatabasamu, na wala si kwa ubaya, afadhali ingekuwa kwa ubaya. "Bwana Popo, si wewe uliyesema mteja haangalii ndani?"

Maneno yangu! Yamesafiri mpaka makao makuu, yakalala hotelini, yakarudi yamekuwa plastiki.

Na ubaya wenyewe, si kamera mbaya! Nimeijaribu asubuhi nzima. Ukiishika mwilini kama watu, ina picha nzuri kuliko bei yake. Lakini nani katika mji huu anaishika kama watu? Nimewafundisha tangu Machi kuishika pua! Leo nimemwona wa pasipoti anabembeza chupa ya maji kwa kifuniko. Anafanya mazoezi.

Nikauliza, na ya Shemeji? Kasema ile imeanguka, waranti haihusu kuanguka. Kanyoosha tai. Ila wakala mwenye duka, kasema, ana uhuru wake. Anaweza kumpa ndugu yake nyingine akitaka. Jumamosi fanya popo na ile ya maonyesho, uchukue ufunguo, Jumatatu shemeji yako ana kamera mpya. Nani kaumia?

Nimetafuta aliyeumia njia nzima mpaka nyumbani.

Ijumaa, 12 Septemba

Pazia limekwisha. Lina maua. Mimi na maua wapi na wapi, lakini nimelisifu.

Sikai. Nimekwenda kwa Shemeji nikamwomba aje kesho atupigie picha za ufunguzi. Nilidhani atanifungia mlango. Kauliza tu, niipige kwa ipi? Nikasema kwa ile inayokohoa. Kasema ndiyo niliyonayo.

Kisha nikamwambia habari ya pete. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aione. Akaipitishia ukucha, kama mimi. Akasema, "Ungeniambia niishike mwilini, shemeji, ningeinunua vilevile."

Mkono wa mtu ukikupiga, unajua maumivu yatapoa lini. Hayo nayapoza na nini?

Jioni nikamwuliza Mama Watoto, kesho niseme nini mbele za watu. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Wewe na mdomo wako mlioana kabla yangu. Uulize wenyewe."

Nikamwambia leo haujibu. Hapo ndipo akaniangalia vizuri. Kasema watoto wamekwisha chagua pembe zao. Kasema na mdogo wake kabaki na kamera yake inayokohoa. "Yote mawili ni ya kwako, baba. Mimi nimeshona pazia."

Jumamosi, 13 Septemba

Niko dukani, nyuma ya pazia lenye maua. Naandika kwenye goti.

Nje pamejaa. Bosi kaja, mnene, mpole, anamsalimia kila mtu kwa mikono miwili. Bwana Tai kavaa tai mpya, nyekundu. Ufunguo kaufunga utepe. Wa pasipoti yuko mbele kabisa, pesa zake kazishika kwenye soksi, soksi kaishika kwenye ngumi. Wa harusi yupo. Muuza vitabu kafunga duka lake aje anione. Muuza simu naye yuko kule ng'ambo, shingo ndefu. Na Shemeji kasimama nyuma ya wote, kamera shingoni. Imekohoa mara moja, nimeisikia mpaka huku.

Hapa ndani, mezani, kamera ziko mbili. Ile ya maonyesho Bwana Tai kaifuta vumbi mwenyewe, kaiweka upande wa mkono wangu wa kulia. Nyingine nimeitoa kwenye boksi mimi, nikaiweka pembeni yake. Mapacha! Kuzijua lazima ufumbe macho uzinyanyue.

Bwana Tai kachungulia. Kasema dakika moja, Bwana Popo. Kaziona ni mbili. Kameza mate, na ile tai ikapanda ikashuka.

Haya, daftari. Mimi ni mtu wa biashara, wewe umekula maneno yangu bure tangu Machi, sasa tupatane. Natoka na moja. Nitawaambia: hii hapa ndiyo mtakayokwenda nayo nyumbani. Halafu nitaishika pua.

Ikishika, duka ni letu. Wewe nakununulia jalada la ngozi na kalamu isiyovuja, unakaa kwenye droo kama mkurugenzi.

Ikiachia, nitaokota vipande mbele ya bosi na kila mtu, niwaonyeshe pete, niwaambie kweli yake: picha safi, bei nzuri, ishike mwilini, na atakayeng'ang'ania popo anunue chuma kwa bei ya chuma. Basi hapo tutarudi wote kibarazani, mimi na wewe na watoto chini ya meza, na mvua ikikulowesha usininunie.

Upande wako sitaki kingi. Kwamba nilijificha kwanza nyuma ya pazia lake, Mama Watoto asijue.

Wananiita. Bosi anapiga makofi. Wa pasipoti anapiga kelele popo, popo!

Nimenyanyua moja.

Nyepesi.

Tumepatana?