Mikono Mgongoni katika Jumba la Giza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu hii naiandika nikiwa nimeinamisha kichwa, kana kwamba umesimama mlangoni ukikung'uta mchanga miguuni kabla ya kuingia. Habari za huko nyumbani? Goti lako la kulia limekubali dawa, au bado unalidanganya kwa maji ya moto? Mama amepona kikohozi kile cha moshi? Na usipa, dagaa wetu wa ziwani, je, mnauanika kwenye chanja mpya, au mmerudi kuutandaza mchangani kama zamani, mkisema chanja zinaharibu ladha?

Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu badala ya simu. Simu yenu naijua: Mama huiweka sauti ya juu kabisa, na kabla sijamaliza sentensi moja jirani wa tatu amekwisha kunijibu. Haya ninayoyaandika hayafai kusikilizwa hivyo. Barua anaibeba dada mmoja wa Songea anayekuja likizo. Ataiacha Mbinga mjini kwa dada Skola, naye nimemwomba akuletee mwenyewe mpaka ziwani, akusomee mkiwa wawili tu.

Kwanza niusahihishe uongo wangu mdogo, ili niwe na haki ya kukueleza mambo makubwa. Nilipoondoka niliwaambia nyote kwamba naja kufanya kazi ya "uratibu wa wageni." Maneno hayo niliyatunga mimi. Unakumbuka Mjomba aliponiambia kuna nafasi kule Ngaka, ya kuandika malori ya makaa yanayotoka mgodini, niishike wakati nasubiri ajira ya ualimu. Nilimjibu mbele ya wageni wote kwamba sikuisoma fizikia chuo kikuu ili nihesabu malori. Baba, leo nahesabu watu. Wanne mbele, wanne nyuma, mashua iondoke. Wanne mbele, wanne nyuma, mashua iondoke. Mjomba akicheka, mwache acheke, amestahili.

Mahali penyewe huku ng'ambo ni bustani kubwa ya burudani, ambako watu huja na watoto wao kupanda bembea za mitambo na kutishwa kwa hiari yao. Mimi nimewekwa katika jengo wanaloliita Jumba la Giza. Ndani yake kuna mfereji wa maji yasiyofika kiunoni, na juu ya maji hayo vimashua vinavyovutwa na mnyororo usioonekana. Wageni hupita kimyakimya, mimi nikiwalinda ukingoni, na juu yao wanasarakasi waliovaa kama ndege huruka kutoka bembea moja hadi nyingine. Taa hakuna. Mrukaji huongozwa na alama ndogo ya kijani kwenye bembea anayoiendea, hafifu kama kimulimuli. Jicho lake huhitaji muda mrefu gizani ndipo liione alama ile, na mwako mmoja tu wa kamera humrudisha kwenye upofu. Hilo ni jambo la maumbile ya jicho, na ningeweza kukuandikia kurasa mbili juu yake, lakini wewe hulihitaji somo hilo. Wewe ulilijua kabla sijazaliwa.

Mlangoni pana tangazo kubwa kwa lugha nne: hairuhusiwi kupiga picha kwa flashi. Baba, nimewahi kudai, katika mijadala mingi kuliko ninayoweza kuikumbuka, kwamba mwanadamu akielimishwa atatenda mema. Nimesimama chini ya tangazo hilo miezi saba, na hoja yangu imekufa. Wageni husoma, hutikisa kichwa kukubali, huketi mashuani, kisha huinua simu. Ukiwauliza, wana majibu. "Ni moja tu." "Mtoto wangu anataka." "Sikujua kama imewaka." Bwana mmoja aliniambia, "Nimelipa kuingia, na ninyi mnanionyesha giza?"

Miongoni mwa warukaji alikuwamo Sudi, kijana wa Tanga, mwepesi wa mwili na wa ulimi. Ndiye aliyenipa jina la Mwalimu humu ndani. Siku ya kwanza tu nilipomfafanulia kwa nini nakataa kuiita kazi hii kazi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu bwana, wewe hata shikamoo unaijibu kwa hoja." Tukawa ndugu tangu hapo. Tunapika pamoja, nimemfundisha kula usipa mkavu alioniletea mgeni mmoja kutoka nyumbani, naye hunitukana kila siku kwamba sisi watu wa Nyasa tunakula chambo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi wa tano wa kukaa hapa, mama mmoja wa makamo aliinua simu yake, taa ikiwa tayari inawaka, akaielekeza juu alikokuwa Sudi. Sikufikiri. Nilifanya kile ambacho ningekifanya katika mtumbwi wako: niliinama, nikaifunika taa yake kwa kiganja changu, bila neno. Unajua ninachosema. Mtumbwini kwako, mwenye taa akiielekeza kwenye macho ya wavuta wavu, hatukanwi wala hapigiwi kelele. Aliye karibu huifunika kwa kiganja, mwenye taa husema "asante," akaigeuza, na kazi ikaendelea. Nimekua nikiamini kwamba huo ndio upeo wa heshima: kumsahihisha mtu bila kumwaibisha.

Yule mama hakusema asante. Alipiga ukelele kwamba mlinzi amemshika mkono na anataka kumnyang'anya simu. Mashua zikasimamishwa, taa zikawashwa. Nikaitwa ofisini kwa msimamizi wetu, mama wa Kikenya tunayemwita Madamu, asiye mbaya, ila mchovu.

"Wewe kijana, ulimgusa mgeni?"

"Niligusa taa, Madamu. Ukitofautisha kati ya mtu na—"

"Hapana. Usianze. Ulimgusa ama hukumgusa?"

Nikapewa onyo la maandishi. Tangu siku hiyo, aliniambia, mikono yangu ikae mgongoni, nikiona flashi niseme "tafadhali," na wasiponisikia niseme tena "tafadhali." Nilimweleza kwamba kanuni hiyo inamlinda mwenye simu na kumwacha wazi mwenye uhai. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Hiyo ni kweli. Mikono mgongoni."

Na hapa, Baba, ndipo pananitesa. Ningeweza kutafuta njia. Ningeweza kuomba filimbi, au kitufe cha kusimamisha mashua; wenzangu wa zamu nyingine walikuja kukiomba, wakapewa. Mimi nilinuna. Nilisema moyoni: wameyataka, wayapate. Nilifunga mikono yangu mgongoni kama mwanafunzi wa sekondari ya Kigonsera aliyeonewa na kiranja, na nikajivunia utii wangu kana kwamba ni ushindi wa hoja. Sudi aliliona hilo. "Mwalimu," aliniambia, "umemnunia Madamu, lakini ninayeruka ni mimi."

Jumanne ya wiki iliyopita, mashua ya mchana ilibeba kijana mmoja na wenzake. Aliinua simu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kiganja changu kingefika. Nikasema "tafadhali." Akacheka. Hapo badala ya kunyamaza au kunyoosha mkono, nilianza kumfafanulia. Ndiyo, Baba. Nilianza kumweleza habari za jicho na giza, kwa Kiingereza kizuri kabisa, chenye vishazi vyake vyote, mikono ikiwa mgongoni. Sentensi yangu ilikuwa katikati mwako ulipopasuka.

Nilisikia bembea tupu ikirudi. Kisha nikasikia mwili ukigonga nguzo. Kamba ya usalama ilimzuia Sudi asianguke majini, lakini ilimpeleka moja kwa moja kwenye chuma. Bega limevunjika mahali pawili, na jicho la kushoto bado haliuoni mwanga vizuri.

Nilimtembelea juzi hospitalini. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuyasubiri.

"Mwalimu, uliuona ule mwako?"

"Niliuona."

"Basi sema hivyo hivyo. Usiongeze hoja."

Kwa nini aliniomba hivyo, nitakueleza: alikwisha kusikia wakubwa wanavyopanga kusema. Jana Madamu aliniletea karatasi kutoka kwa wakubwa. Inasema kwamba mimi, mlinzi pekee wa sehemu ile, sikuona mwako wowote wa kamera, na kwamba mrukaji alikosea mwenyewe. Nikitia saini, nahamishiwa dirisha la tiketi, na mkataba wangu unaendelea. Sudi naye, kwa kuwa kosa litakuwa lake, atarudishwa Tanga na bega lake kama lilivyo, jicho lake kama lilivyo, bila matibabu zaidi. Nisipotia saini, itahesabiwa kwamba nimevunja masharti ya onyo la kwanza, na narudishwa mimi. Jibu linatakiwa kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi. Madamu aliiweka mezani akaondoa mkono upesi, kama mtu anayeweka sahani ya moto. "Sikuiandika mimi," alisema.

Nimekaa chumba cha kufulia, maana ndipo pekee penye meza, na nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kukuomba ushauri. Nikaichana, kwa sababu itakufikia wakati saini imekwisha kukauka au nimekwisha kufungasha. Ya pili ilikuwa ya kujitetea, na ilikuwa nzuri sana. Ungeisikia ungenisamehe, na kwa ajili hiyo hasa nikaichana. Sijalala vizuri tangu Jumanne ile. Nikifumba macho nasikia bembea ile ikirudi tupu. Nawaza nikirudi nitasema nini kwa watu walioniombea misa, walionisikia siku ya kuaga nikitoa hotuba ndefu kuliko ya katekista. Nawaza Mjomba. Nawaza nafasi ile ya Ngaka imekwisha kuchukuliwa na mtu asiye na maneno mengi. Baba, nimekwama. Elimu yangu yote hainipi hata neno moja la kulishika.

Lipo jambo moja tu linalonirudia. Nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo, mkono wa mzee mmoja wa mtumbwi wako ulipokatwa na kamba ya wavu. Asubuhi yake, kabla hujala, ulivaa shati lako la kanisani ukaenda nyumbani kwake. Nilikufuata njiani nikibishana nawe. Nilikwambia hakuna aliyeona taa ilikuwa imeelekea wapi. Kwamba kisheria huna deni. Kwamba ukikiri, watu watakusema mpaka Kingerikiti. Hukugeuka. Ulisema tu, "Taa niliishika mimi. Nani mwingine wa kusema?" Ukabisha hodi.

Mimi niliona umeshindwa mjadala. Nilirudi shuleni nikawasimulia wenzangu kama mfano wa wazee wasiojua haki zao. Nisamehe, Baba. Nakuomba msamaha kwa hilo kabla ya kukuomba lolote lingine.

Karatasi yao sitaitia saini. Nimechukua karatasi nyingine nikaandika ya kwangu, nayo, utashangaa, ni fupi. Imesema: mwako niliuona, mgeni alionywa kwa mdomo, nilikuwa karibu kiasi cha kuuzuia kwa mkono, nami mikono nilikuwa nimeifunga mgongoni, kwa amri niliyopewa na kwa kinyongo changu mwenyewe. Sentensi ya mwisho Sudi hakuniomba. Wataitumia dhidi yangu, najua. Nimeipima kila upande na sikuona namna ya kuiondoa nikabaki nimesema kweli. Kesho nitaikabidhi, nitanyamaza, na hilo la kunyamaza ndilo ninaloliogopa zaidi kuliko ndege ya kurudi.

Basi nisalimie Mama, umweleze kwa namna unayojua wewe, taratibu, na akiwa amekaa. Msalimie bibi yangu mzaa mama, na umwambie kitambaa cha kichwa alichoniagiza nimekipata. Baba mdogo wa Kingerikiti mpe pole ya kahawa iliyopigwa na mvua. Nitakuja kumsaidia kuchuma, kama atakubali kibarua mwenye shahada. Mjomba mwambie nilikosa, na kwamba nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Yule mzee wa mkono uliokatwa mpe shikamoo yangu ya pekee, hata kama hatajua sababu. Na dada Skola anayekusomea haya, asante, dada. Hapo uliposita, endelea tu.

Baba, nikifika, nitakuja moja kwa moja ufukweni. Usiniulize nimeleta nini. Nipe nafasi mtumbwini, upande wa wavu, niivute kamba pamoja na wengine. Taa mpe mtu mwingine kwanza.

Mimi mwanao,

Osmundi