Kuku Mwekundu wa Shosho Njoki

Jumapili, 4 Mei
Nimeuza soksi kwa geti ya kanisa mpaka ibada ikaanza. Baridi ni rafiki yangu. Baba Chege, mzee wa kanisa, ametuchapa tena na maneno sisi vijana. Eti wazee wanaleta mayai, kabeji, kuku. Vijana wanaleta simu. Tukisema tunatuma sadaka kwa hiyo simu, anasema yeye hajaona. Baadaye mnada wa sadaka. Kuku wa Shosho Njoki, yule nyanya mjane, amenunuliwa na Brayo wa bodaboda. Kuku mwekundu, hana kidole kimoja. Huyo nimewahi kumuona.

Jumapili, 11 Mei
Ni yeye! Shosho amemleta tena, Brayo amemnunua tena. Kuku gani ananunuliwa kila wiki na haonji sufuria? Angekuwa wangu ni mifupa saa hii. Hapa kuna mchezo.

Jumanne, 13 Mei
Nimejua. Brayo ananunua kwa mnada, halafu anamuuzia Shosho bei juu. Kukamua mjane. Nimeskia vibaya. Nikamdokezea Baba Chege. Akasema, "Nilijua. Hiki kizazi kikinyoosha mkono, ni wa kuchukua." Jumapili atamsimamisha Brayo mbele ya watu, akague mguu wa huyo kuku, kile kidole hana.

Jumamosi, 17 Mei
Nimemfuata Brayo mpaka kwa Shosho. Nikajificha kwa nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, kama mwizi wa maziwa. Banda tupu, kuku wote walikufa na ugonjwa. Brayo akatoa yule mwekundu kwa kikapu, akamrushia mahindi. Shosho hakutoa hata shilingi.
"Nikienda mikono mitupu nitakaa wapi, mjukuu wangu?"
"Kaa tu pale mbele, Shosho. Kuku ni wako. Mimi hiyo ndiyo sadaka yangu."
Mimi ni mjinga. Na kesho wataaibishwa wote wawili, juu ya mdomo wangu. Shosho hatawahi kurudi kanisa.

Jumapili, 18 Mei
Nimemngoja Shosho kwa geti. Nikamvalisha kuku soksi za mtoto, miguu yote.
Baba Chege akaniuliza hii ni nini.
"Baridi, mzee. Na nilikosea. Kuku wekundu wanafanana."
Ameangalia soksi. Akamwangalia Shosho, amekaa pale mbele. Akafungua mnada.
Leo nimemnunua mimi. Brayo amenitazama vibaya, ananishuku.
Jioni nimemrudisha kwa banda la Shosho. Soksi nimemwachia.