Naogopa Kuwachemshia Madereva Maji ya Kuoga

Mama Yunisi, shikamoo. Naomba unisikilize maana nimefika mahali sina pa kusemea, na hata barua hii naiandika nikiwa na wasiwasi kwamba mtu wa hapa atanitambua ingawa majina nimeyabadilisha, ila kukaa kimya kumenishinda.

Mimi ni mzaliwa wa Mbebe kule Ileje, nimeolewa hapa Tunduma na nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, pale inapolala foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na foleni ile unaijua mwenyewe, dereva anaweza kukaa siku na siku hajasogea. Nimekuwa nikiwauzia chai na maandazi kama wanawake wengine wote, tumejaa pale kila mmoja na chupa yake mpaka dereva anachoka kukataa. Mume wangu Gwamaka ni fundi wa mashine za kuvunia mpunga, msimu huu yuko Kamsamba, na nyumbani nimebaki na binti yetu Jenista pamoja na baba mkwe, ambaye ndiye mwenye kiwanja na kisima.

Sasa baridi hii ilipoanza, asubuhi moja alikuja dereva Mzambia, mtu mzima, anatetemeka na ndoo yake, akaniomba maji ya moto tu akaoge nyuma ya lori, mimi kwa huruma nikamwambia haiwezekani baba uoge kwenye upepo huu, ingia hapo bafuni kwetu, nikamwekea maji, akatoka mtu mwingine kabisa, akasema kwa lugha ya kwao, "Natotela, bamayo," yaani asante mama, akashukuru mpaka nikaona haya, na akanilipa bila kuombwa. Muda si muda wakaja wenzake. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Ndipo wazo likanijia, mama, na tangu hapo haliniachi, kwamba hapa pangejengwa mabafu ya maji ya moto upande wa barabarani, kuni si lazima, pumba za kahawa kutoka Mbozi zinawaka vizuri, kisima hakijawahi kukauka, na huku kwetu sijaona mtu anayefanya hivyo.

Lakini naogopa. Sisi kwetu maji ya kuoga mwanamke humwekea mumewe, ndiyo heshima ya ndoa, sasa mimi nabeba ndoo ya maji ya moto naipeleka bafuni na nyuma yangu anafuata mwanaume nisiyemjua na taulo begani, watu watasemaje? Jirani yangu Fausta kashaanza, juzi kaniuliza huku anacheka, "Mama Jenista, leo umeogesha wangapi?" Nilicheka naye, lakini nilipoingia ndani nilifunga mlango, sikutoka tena mpaka alipoondoka. Mimi naimba kwaya, nikitengwa kanisani uso wangu nitauficha wapi?

Na kubwa kuliko yote ni baba mkwe. Mila yetu unaijua, mkwe haongei na baba mkwe ana kwa ana, hata jina lake silitamki, nikimwona anakuja njia hii nakata kona, chakula chake na maji yake ya kuoga naandaa mimi anampelekea Jenista. Siku ile ya pili alikuwa amekaa juani, akaniona na ndoo na mwanaume nyuma yangu, akanyanyuka, akaingia chumbani kwake. Tangu hapo chakula kinarudi nusu, hasemi na mtu, anajifunika blanketi hata mchana. Najua amekasirika, na hasira ya mzee kama yule kwetu haichezewi, anaweza kunitamkia neno likanifuata mimi na mwanangu. Nashtuka hata akikohoa. Na madereva nao hawaachi kuja, nashindwa kuwakataa, sufuria letu kubwa ni moja tu na linakaa jikoni kutwa nzima likichemsha maji yao.

Gwamaka sijui atalipokeaje jambo hili, kwenye simu namwambia tu huku ni salama. Anarudi Jumamosi, na kuna mtu anaitwa Ferdinand anayetaka eneo hilohilo la mbele aweke baa, wamekubaliana atapewa jibu mume wangu akirudi. Niseme nipoteze ndoa, au ninyamaze nipoteze wazo? Nisaidie mama yangu, usingizi umenikimbia.

Mwenye hofu, Tunduma

MAMA YUNISI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakukasirikia, na sababu nitakwambia.

Kuogopa si kosa. Mwanamke anayeishi kando ya foleni ya malori na haogopi chochote, huyo ndiye ningemwogopa mimi. Lakini hebu nionyeshe, katika hao wote unaowaogopa, nani amekukataza? Kanisa halijakuita. Mume hajui kitu. Baba mkwe hajasema neno. Aliyefungua mdomo ni Fausta peke yake. Umeendesha kesi nzima kichwani mwako, ukawasemea mashahidi wote, ukajihukumu mwenyewe.

Tuje kwa baba mkwe. Umesema sufuria kubwa ni moja na kutwa nzima ni la madereva. Umesema bafu ni hilo la kwenu. Haya niambie, tangu wageni waanze kuja, mzee anaoga saa ngapi? Hukuandika, na nadhani hujui. Jamani! Mzee anajifunika blanketi mchana, wewe unatafuta laana! Mzee ana baridi, mwanangu! Na hata kama maji yake bado yanafika, unataka apange foleni na wageni kwenye bafu la nyumba yake, huku mkwe wake anapitapita mlangoni na ndoo? Wewe ukimwona unakata kona, na yeye siku ile alifanya hivyohivyo, akaingia ndani. Sina uhakika, siko hapo, lakini mimi ningeanzia hapo. Kesho asubuhi maji ya kwanza ni yake na bafu ni lake mpaka amalize. Madereva watangoja, kungoja wameshazoea.

Kisha mtafute dada yake, au ndugu yake yeyote wa kike, aende akamuulize kwa heshima ana nini, na amwombe radhi kwa niaba yako. Usimtume Jenista, haya si maneno ya mtoto. Kama amekasirika utaambiwa. Kama anaumwa, mpelekeni hospitali haraka, kwa sababu mzee asiyekula, anayekohoa na kushinda kwenye blanketi anaweza kuwa na homa ya mapafu, na wewe umekaa jikoni unasikiliza kikohozi chake ukijiogopea mwenyewe.

Biashara yenyewe ni nzuri, sikupambi. Ila unavyoiendesha sasa hivi hata mimi ningekusengenya. Kuanzia leo usimbebee mwanaume ndoo kwenda bafuni. Tafuta mwanaume mtu mzima, anayeheshimika hapo mtaani, awapokee wateja na kuwawekea maji, wewe simamia moto na mauzo. Mabafu yaelekee barabarani na yazungushiwe ukuta yasionane na uwani kwenu. Anza na mawili ya mabati, usikimbilie kukopa. Maji machafu yachimbie shimo mbali na kisima, kisima kikiharibika umeua biashara na nyumba pamoja. Nenda kwa mtendaji wa mtaa ukaulize kinachotakiwa kabla hajaja kukuuliza yeye. Na mama mchungaji umweleze mwenyewe, atakuhoji kidogo, utamjibu, yataisha. Lakini yote hayo ni baada ya mwenye kiwanja kuridhia, na atakayemwomba ni mwanawe, si wewe.

Hapo kwa mwanawe ndipo nilipokukasirikia. Unamwambia huku ni salama! Unadhani Fausta hana namba ya Gwamaka? Unadhani hana ndugu Kamsamba? Mumeo atashuka Jumamosi kashaambiwa kwamba mkewe anaogesha wanaume, na akifika hivyo hata umwonyeshe nini hataona, Ferdinand atapewa eneo siku hiyohiyo. Acha kungoja. Mpigie leo, umweleze yote, hata lile unaloona haya kulitamka. Akilisikia kwa Fausta litakuwa umalaya. Akilisikia kwako litakuwa biashara.