Ensuwa Haimo Daftarini

Kijiji cha Kyambazzi,
S.L.P. 41,
Masaka.
20 Novemba 2023

Mpendwa mwanangu Bukirwa,

Hujambo huko kwenye baridi? Watoto wazima? Mumeo bado anakula viazi mchana na jioni kama mfungwa? Sisi huku wazima, tunashukuru. Goti langu la kushoto limegoma tangu Agosti, la kulia linanivumilia, na kinywa, kama ujuavyo, hakijawahi kuugua.

Senene wameanguka vizuri mwaka huu. Nimempa Sista Imakulata chupa moja ya panzi hao, wamekaangwa tayari, akuletee pamoja na barua hii. Ikifika nusu, usimlaumu rubani.

Sasa kaa chini. Jumapili nilikupigia simu kukwambia usitume pesa za paa la mama yako kwenye chama cha Ensuwa. Ukacheka, ukakata. Sikulaumu. Mtu aliyewahi kukupigia akakwambia amekufa na mazishi ni Jumamosi hana haki ya kulalamika. Lakini mwisho wa mwezi umekaribia, kwa hiyo naandika.

Ni kweli mimi ndiye niliyekuambia Ensuwa ni chama madhubuti cha akiba na mikopo. Ofisi yao ina vigae, walinipa kofia na soda mbili, nikaona watu wa namna hiyo hawawezi kuwa wezi. Mama yako Nnaalongo hakugusa soda yao. Aliangalia cheti kilichotundikwa ukutani, akaandika namba yake kiganjani, akaniambia, "Shemeji, twende ofisi ya ushirika wilayani. Daftari la vyama vilivyosajiliwa ni la kila mtu, na kuangalia ni bure."

Tukaenda. Kufika dirishani, nani amekalia daftari? Shemeji yako Lubwama, mume wa dada yako. Kumbe wamemhamishia pale wiki iliyopita. Mama mkwe na mkwewe, ambao kwa mila yetu hawatakiwi kuonana, uso kwa uso. Mama yako alijifunika kitambaa akakimbilia nyuma ya jengo kwa kasi ambayo sijaiona tangu nyuki walipoingia kanisani. Lubwama naye akazama chini ya meza, mtu mzima na tai yake. Waliokuwa kwenye foleni hawakuuliza kitu. Kila mmoja ana mkwe wake.

Ikabidi mimi niwe posta. Nikanakili namba kutoka kiganja cha mama yako, nikazunguka jengo, nikampa Lubwama. Akaniomba nimsalimie mama, asubiri kidogo. Nikazunguka tena.

"Amekusalimia," nikasema. "Anasema siku hizi umenenepa, unapendeza."

"Lubwama hawezi kusema hivyo. Hayo ni yako, mzee usiye na haya. Chama kimo?"

"Anatafuta. Anauliza pia kama umemletea jogoo."

"Shemeji, nitakupiga kwa kiatu."

Safari ya tatu nilimkuta Lubwama hacheki. Alipitisha kidole kwenye kurasa mara mbili mbele yangu. Namba ile ni ya chama cha walimu kilichofungwa miaka sita iliyopita. Ensuwa haimo, wala kwenye orodha ya wanaosubiri haimo.

Nikamwendea mama yako na uso wa Ijumaa Kuu, nikamwambia. Akasonya. "Kunenepa, jogoo, sasa haimo. Nimechoka na wewe. Naenda kujiandikisha Ensuwa." Nikaapa kwa kaburi la baba yako. Akasema kaburi hilo nimeliapia hata kwenye karata, akashika mkoba wake akaondoka. Hapo, mwanangu, niliogopa. Miaka sabini na minne nimetania watu, na siku niliyohitaji kuaminiwa sikuwa na hata neno moja la akiba.

Nikamrudia Lubwama mbio, goti na yote. Kumsikia mkwe si mwiko, mwiko ni kumwona, ila alikuwa anaona haya kumpigia kelele mbele za watu. Sasa akapanda kiti, akaweka mdomo kwenye tundu la hewa la ukuta wa nyuma. "Mama! Ni mimi Lubwama. Ensuwa haimo. Usiwape hata shilingi."

Mama yako akasimama. Wanawake wawili waliokuwa uani wakatazamana, wakarudisha bahasha zao za pesa kifuani.

"Nimesikia, mwanangu," akauambia ukuta. "Na hilo la kunenepa?"

"Kunenepa gani, mama?" tundu likauliza. Nami nikakumbuka nina shughuli nyumbani.

Kwa hiyo usitume chochote. Lubwama amemwambia mama yako kwamba daftarini kuna chama cha wakulima wa kahawa, hakina vigae wala soda. Atakupigia mwenyewe.

Wasalimie mumeo na watoto, Tendo na mdogo wake Nnakayiza. Shangazi yako Nnambi anakusalimia, na dada yako pia. Mungu akufunike huko uliko, na jasho lako liishie kwenye paa la mama yako.

Wako akupendaye, na hapa sitanii,
Baba yako mkubwa,
Yokana Ssebuufu

Shemeji Bukirwa, mzee ameniomba nishuhudie kwa mkono wangu. Nimesoma barua yote. La daftari ni kweli tupu. Ila sikuingia chini ya meza. Nilikuwa naokota kalamu. Lubwama.