Ile Gazeti ya Uvuvi Imefika Tena

Papa,

Ile gazeti yako ya Wazungu imefika tena. Miezi tano hauko, na bado wanakuandikia "rafiki mupendwa muvuvi", eti abonema, ile malipo ya mwaka, inakaribia kuisha, eti uwajibu kama utaendelea. Hawajui kama ulikufa. Mi nimetoka Rubona mpaka posta ya Gisenyi juu ya upuzi ile.

Bon. Unataka nikuambie kama inafaa kulipia mwaka ingine? Nimeisoma yote leo. Haifai kitu. Kurasa kumi za kufunga manyoya kwa ndoano ifanane na nzi. Kurasa sita za buti. Samaki yetu sambaza ata moja hakuna, ziwa Kivu hakuna. Ni wanaume wa kofia wamesimama mu mito ya baridi, wanakumbatia samaki, wanapigwa picha, halafu wanamuachilia. Wanamuachilia, Papa! Samaki ni mutoto ya jirani, umubusu na kumurudisha kwao?

Na we ukaamini. Ukanyonyoa jogoo ya Mama mpaka shingo ikabaki uchi, ilikuwa inajificha na haya. Kila Jumapili kisha misa nilikuwa nakusomea ile Kifaransa, na we unasema, "Rudia pale, polepole." Nilichukia ile polepole yako. Sasa nasoma peke yangu, haraka haraka, na nachukia zaidi.

Unakumbuka ile asubuhi ya tilapia? Mama alishaweka mafuta kwa moto. Wamama wote wa samaki wanaangalia. Ukamuvuta, mukubwa kama sahani, ukamutoa ndoano mu kinywa, ukamurudisha mu ziwa. Ukacheka peke yako. Yebaba weee! Haya nilipata siku ile inaniunguza ata leo.

Ulijua kabisa namna tunafanya kazi. Mitumbwi tatu zinafungwa pamoja na miti, zinatoka pamoja, zinarudi pamoja. Mutu moja akichafua bahati, amechafua ya wote. Kesho yake ekipe, wavuvi wenzako, ikafungua mutumbwi yako, ikaweka ya mwingine. Yako ikabaki kwa muchanga. Ukafikiri ni kapita, ule mukubwa ya ekipe, ndiye alisema una mukosi. Haukumusalimia tena mpaka kufa. Ata siku ya kukuzika, alikuja analia, na Mama akakataa kumupa mukono.

Papa, haikuwa kapita. Ni mimi. Mi mutoto yako nilisimama mbele ya wanaume nikasema, "Mumufungue, muzee amerogwa na karatasi." Kapita alikutetea mpaka wakamuzomea. Mimi nikaenda nyumbani nikakula.

Donc hii gazeti naitukana kila siku sababu yenyewe haiwezi kunijibu.

Sitalipia. Nitawaandikia kama mwenyewe alikufa, wasikuite tena rafiki. Lakini mbele ya kuandika hiyo barua, leo, Mama akitoka kanisani, nitamupeleka kwa kapita na nitasema yote mbele yao wawili. Nakuahidi. Mama akinifukuza, anifukuze.

Kwaheri, Papa. Usidhani hasira yangu imeisha. Siku zote zile mutumbwi yako ilikuwa kwa muchanga, mi nilikuwa nakukimbia na we ndiye ulikuwa unanisalimia wa kwanza, na ata mara moja haukuniuliza kama ni mimi.

Mutoto yako,
Faustin