Aliyeimba Anajuaje?

Nagoya, Japani
Mwezi wa kumi na moja

Mdogo wangu Rehema,

Mwapoleni, nakusalimu kwa salamu ya nyumbani, ingawa najua huenda umeishika barua hii kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Watoto wameacha kukohoa? Nasikia mvua zimechelewa upande wa Msangano na watu bado wanatazama juu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeanza, na asubuhi navaa soksi jozi mbili kabla sijaweka mguu sakafuni.

Simu zangu hupokei. Sikulaumu. Mwaka wa tatu huu napiga, inaita mpaka inakata, halafu nikimpigia mama ananiambia, "Rehema alikuwa hapa hapa, amekaa." Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Barua hii anakuletea mteja wetu mmoja wa Nakonde aliyekuja kuchagua magari kwa macho yake mwenyewe. Nimemwomba avuke nayo mpaka Tunduma akukabidhi mkononi, naye akaitikia kwa heshima ya kwao, "Mukwai, nitafika." Naandika kwa sababu moja: nataka kukuomba msamaha kwa habari ya wimbo wako. Zamani nilikuwa nasema "nisamehe" ili ugomvi uishe tukale. Safari hii najua ninachokiombea.

Lakini lazima nianzie huku, vinginevyo hutanielewa.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu. Kampuni inauza magari yaliyotumika, na mimi naongea na wateja wa Zambia, Kongo na kwetu. Simu zikinyamaza, nashika ndoo na kitambaa kama wengine wote pale yadi. Unalikumbuka lile gari la baba mdogo, ukiliwasha mwanamke anaongea Kijapani, na baba mdogo anamjibu "asante mama" akiamini anatakiwa heri ya safari? Nimejifunza anachosema. Anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Miaka yote ile mama wa watu anadai kadi tu. Usimwambie baba mdogo, mwache aendelee kubarikiwa.

Na zile redio za magari haya, zinazoishia namba tisini, ambazo kwetu zinakamata mikwaruzo, huku ndiko nimezisikia zikisema. Kila Jumatatu mchana tunafungua redio ya gari moja kwa sauti ya juu, mtangazaji anasoma orodha ya nyimbo zilizonunuliwa zaidi kwa simu na kompyuta juma lile. Huku mtu akipenda wimbo anabonyeza simu yake, anaununua, unaingia, na mahali fulani mashine inaandika: mmoja. Wengine wananunua kiitikio peke yake ili simu ikiita ndicho kiimbe. Mwisho wa juma wanajumlisha nchi nzima, kisha wanaisoma orodha kutoka chini kwenda juu. Watu wanaacha kufuta vioo. Ni kama kwetu siku ya matokeo ya darasa la saba. Shule zinapomaliza mwaka ndipo nyimbo za kuagana zinapanda, na nimewahi kumwona mwanamume mzima, mkuu wetu wa zamu, analia ndani ya gari la wateja wimbo wa kwanza ulipotajwa. Akamaliza, akafuta usukani, akatoka.

Mwanzoni nilikuwa nawacheka. Niliona ni watu waliokosa shida, wanahangaika na wimbo gani umeshika nafasi ya ngapi. Sasa sicheki.

Pale yadi kuna mama mmoja ninayemwita Mama Sato. Anasafisha ndani ya magari, na ana subira ya kutoa mchanga katikati ya viti kwa kijiti. Binti yake, Yuki, anaimba na wenzake wawili. Msimu wa joto walitoa wimbo wao wa kwanza. Hauna CD, unanunuliwa kwa simu na kompyuta tu. Kwenye ile orodha kubwa ya nchi nzima wasingeonekana hata kwa darubini. Ila redio ya hapa mjini ina orodha yake ya waimbaji wachanga, nyimbo kumi, na waliowarekodi walikuwa wamewaambia kabisa: mkiingia kwenye kumi juma la kwanza, tunaendelea nanyi, msipoingia, basi. Mama Sato alipita kwa kila mmoja wetu, anainama, anasema, "Tafadhali, ukiupenda, ununue juma hili." Wote tukaahidi.

Rehema, kaka yako unamjua. Nilikuwa wa kwanza kununua, na wimbo niliupenda kweli. Kisha nikasema moyoni, huyu mama mimi nitamsaidia kuliko hawa wote. Simu za huku zimefungwa, wimbo ulionunua hauhami kwenda simu nyingine. Lakini mimi ni mtu wa kibanda cha kuingizia watu nyimbo pale Tunduma. Nilichukua waya, ncha moja kwenye tundu la spika za masikioni, ncha nyingine kwenye kompyuta, nikaurekodi ukiwa unaimba, vile vile nilivyokuwa nahamisha kanda za kwaya. Kwa siku mbili nikawaingizia watu kumi na wanne: Wapakistani, Wafilipino, Wabrazili, mpaka mlinzi wa geti. Kufikia Ijumaa yadi nzima inaimba wimbo wa Yuki. Nilitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Jumatatu mtangazaji akasoma. Kumi, tisa, nane. Mama Sato alikuwa amesimama kando ya gari na kitambaa mkononi. Mtangazaji alipofika wa kwanza bila kuwataja kina Yuki, na wimbo wa wengine ukaanza kupigwa, mama alikunja kitambaa mara nne, akaingia ndani ya gari kuendelea na kazi. Kesho yake tukajua wamekuwa wa kumi na moja, wamepungukiwa watu tisa. Tukaenda kumpa pole, na Mfilipino mmoja, Joel, kwa wema kabisa akamwambia, "Lakini sisi wote tunao wimbo, mama. Festo alitupa."

Mama Sato akanitazama. Hakupandisha sauti. Akaniuliza kwa Kijapani cha polepole, kile anachonisemea ili nielewe:

"Kwenu, wimbo ukipendwa, watu wanafanya nini?"

"Tunagawiana," nikamwambia. "Ukipendwa sana unafika mpaka vijijini."

"Na aliyeimba anajuaje?"

Nilisimama pale nimeshika ndoo, na nisiseme uongo, sikuwa namfikiria Yuki. Nilikuona wewe, umekaa kwenye kile kigoda cha bluu pale stendi, na boksi lako la CD mapajani, hatua kumi kutoka kibandani kwangu.

Mficha uchi hazai, acha niyaseme yote. Wewe na wenzako wawili mlikwenda mpaka Mbeya kurekodi ule wimbo wa kumshukuru bibi mkunga wa Msangano aliyekupokea ulipozaliwa. Uliniletea CD moja ukaniambia, "Kaka, ipige hapa kibandani, watu wakisikia waje wanunue kwangu." Nikaipiga. Watu wakasikia, wakaja kwangu. "Niingizie huo wa mkunga." Nikaingiza kwenye memori kadi zao, pamoja na nyimbo nyingine walizotaka. Wachimbaji wakaondoka nao kwa pikipiki kwenda Mkwajuni na Galula, wafanyabiashara wakavuka nao Nakonde. Wewe uliona watu wamejaa kwangu ukadhani wanachukua nyimbo za watu wakubwa. Mimi nilikuona na boksi halipungui, na nikajiambia namsaidia mdogo wangu, wimbo unasambaa. Sikuja hata mara moja kukuambia kwamba yule aliyeondoka sasa hivi ameondoka na sauti yako.

Ukakaa miezi mitatu. Mwenzako mmoja akarudi shambani, wa pili akaolewa. Wewe ukaenda kwa mwalimu wa kwaya ukamwambia umegundua huna sauti, akuondoe. Ndipo ukaalikwa Msangano kumwona mtoto mchanga, na wanawake wakaucheza wimbo wako kwenye simu, wakaufuata beti zote bila kukosea. Ukauliza wameutoa wapi. Wakakujibu, "Kwa kaka yako. Sisi huku mtoto hatoki ndani bila huu."

Jioni ile uliporudi nyumbani uliniambia, "Kaka, miezi mitatu nimekaa nikidhani watu hawanitaki." Na mimi, Mungu anisamehe, nikakujibu, "Sasa unalia nini, si umeshakuwa maarufu?" Mama akanigeukia, akasema sikukuibia mali, nimekuibia habari zako mwenyewe. Nilimwona mama anakuza mambo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nililetwa mpaka Japani ndipo nikafunzwa.

Sasa naelewa kwa nini wale watu wanaacha kufuta vioo. Ile orodha ina upuuzi wake, sikatai, na Joel anasema wengine wananunua wimbo mmoja mara nyingi ili wampandishe wanayempenda. Lakini kila anayependa anaonekana. Mtu akiimba Jumanne, Jumatatu anaambiwa: wapo, wamekusikia. Wewe walikuwepo, tena wengi, na mtu pekee aliyejua ni mimi, nikanyamaza kama jiwe.

Tulikwenda kwa Mama Sato sote kumi na tano kuomba radhi. Wote kumi na wanne wakaununua wimbo siku hiyo hiyo, lakini juma lilikuwa limeshafungwa. Yuki sasa anafanya kazi kwenye duka la mikate. Wale wenzake sijui. Mama yake hajanichukia. Ananiwekea chai saa nne kama zamani, na nakiri kwamba ningeona nafuu kama angenitukana.

Juma lililopita, tukiwa tumekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari tukikimbia upepo, aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu anayeimba. Nikatoa simu. Ndiyo, wimbo wako ninao, sijawahi kuufuta. Nikampa spika moja ya sikio, nyingine nikabaki nayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba tena, na tena. Akauliza maneno yanasema nini. Nilipomwambia ni mtoto aliyekua anamshukuru mwanamke aliyemdaka, alisema Yuki alizaliwa kwa shida, siku ya theluji, na mpaka leo yeye mwenyewe hajui jina la yule nesi aliyempokea. Akatoa simu yake, akaishika tayari.

"Ninaununua wapi?"

Nikamwambia hauuzwi popote. Joel alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Festo, si umwingizie tu? Dakika moja."

Rehema, mkono wangu ulishakwenda mfukoni kutafuta waya. Nikaurudisha. Nikamwambia Joel siwezi, si wangu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu namnyima mtu wimbo, na niliona aibu kama mtu aliyemnyima mgeni maji. Mama Sato aliinamisha kichwa, akaweka simu kwenye begi. Akasema tu, "Basi muulize mwenyewe."

Nisalimie mama, umwambie soksi alizonifumia ndizo za ndani, za dukani ndizo za nje. Nisalimie baba mdogo na gari lake. Shangazi yetu wa Nakonde mwambie nimepata salamu zake, na kwamba hapana, sijaoa Mjapani. Msalimie mwalimu wa kwaya. Najua ananiona mhuni, na ana haki. Ukifika Msangano, yule bibi mkunga kama bado yupo, mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Sikuombi upokee simu. Sikuombi uimbe tena, hilo ni lako na Mungu wako. Ukisema hapana, nitamwambia mama wa watu kwamba mwenyewe amekataa, na ataelewa kuliko nilivyoelewa mimi. Ila ujue kwamba kuna mwanamke mmoja, mbali huku, asiyejua neno hata moja la lugha yako, ambaye ameutaka wimbo wako akaambiwa asubiri. Huyo ni mmoja. Wale wengine niliowaingizia, kila ninayemkumbuka kwa jina au kwa sura, nimewaandika kwenye karatasi ya pili. Nimefika watu mia na sita, na bado nakumbuka. Mtu wa kwanza kwenye orodha ni muuza vitenge wa Nakonde, aliyerudi kibandani siku ya tatu kuniambia mke wake amejifungua salama na wimbo ulikuwa unapigwa.

Nilipaswa kukuuliza pale stendi, ukiwa hatua kumi kutoka kwangu. Nakuuliza leo. Rehema, huyu mama, nimpe?

Ni mimi kaka yako,
Festo