Tairi 275 na Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 20 Julai

Odessa kalala. Ana miezi minane na jino moja, na leo kutwa amenisaidia kusikiliza wanaume wawili wakibishana kuhusu matairi.

Gari ni langu. Naliandika hili kwa sababu huko gereji wameshasahau. Chevelle ya mwaka sabini, kijani, baba aliniachia mimi. Si mume wangu Wendell. Wala si shemeji Roscoe, ambaye gari lake halijawaka tangu Pasaka lakini ushauri wake unawaka kila siku.

Wendell anataka matairi mapana nyuma na membamba mbele, gari liinamishe pua kama mbwa anayenusa nyasi. Roscoe anataka rimu za inchi kumi na nane. Wendell akamwambia hizo ni za daktari wa meno aliyestaafu. Roscoe akanuna mpaka chakula kikaiva.

Mimi nikasema nataka matairi yatakayotuchukua sote watatu. Tarehe 17 Agosti magari yote ya zamani ya Michigan yatakuwa barabara ya Woodward, na sisi tuwemo — Wendell na mimi mbele, Odessa nyuma kwenye kiti chake. Nilipokuwa mdogo, kila Agosti nilikuwa nakaa hapo nyuma, miguu haifiki chini, baba akipiga honi kwa watu asiowajua. Basi. Sitaki kingine.

Wakasema sawa. Ile sawa ya mtu ambaye hakusikia.

Jumatano, 24 Julai

Wendell kanifundisha namba za tairi tukila, kachora kwa mchuzi wa nyanya kwenye sahani. 275 ni upana, kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia sitini ya huo upana. 15 ni rimu, kwa inchi. Nchi nzima haitaki kusikia habari za mita, halafu kwenye tairi wanachanganya milimita, asilimia na inchi katika mstari mmoja. Aliyebuni hayo alikuwa na watoto wachanga. Hakuwa amelala.

Nikamwuliza, na 275 itaenea chini ya ukingo wa bodi? Akasema itaenea, amepima. Nikauliza kapima gari likiwa na watu ndani? Akaniangalia kwa huruma, kama anayesema: mke wangu maskini. Watu wanahusika nini na tairi.

Anapendeza akieleza mambo. Hilo ndilo tatizo langu tangu shule.

Jumamosi, 3 Agosti

Yamefungwa. 275 nyuma, membamba mbele.

Naapa gari limependeza. Nimechukia jinsi lilivyopendeza. Kalio limejaa, limekaa barabarani kama lina jambo la kusema. Nimelizunguka mara tatu na Odessa begani, naye akapiga makofi — sijui nani kamfundisha usaliti.

Kati ya tairi na ukingo vinapita vidole viwili. Vidole vya Wendell, vyembamba. Roscoe hakuombwa kujaribu vyake.

Jumapili, 4 Agosti

Leo! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikakosa raha.

Mama mkwe alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kofia kichwani, bakuli la saladi ya viazi mkononi. Wendell akamwomba akae kiti cha nyuma kidogo. Akauliza kwa nini. Wendell akasema wanataka kuona gari linavyokaa.

"Linavyokaa likibeba nini?"

Wanaume wawili wazima, mmoja anakagua viatu, mwingine anga. Mimi nikajifanya namfuta Odessa mate. Mama akaingia, saladi mapajani, Roscoe akakaa upande wa pili ili mzigo uwe sawa, ndivyo alivyosema, na mama akasikia neno mzigo. Wendell akarudisha gari nyuma taratibu. Pale njia ya nyumba inaposhuka barabarani — krrrrr. Mpira kwenye bati. Harufu ya kuungua.

Mama akauliza, kwa sauti ya upole sana, "Hiyo ni mimi?"

Wendell akazima injini. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Kaondoka na saladi yake yote, na mimi nilikuwa nimeitamani tangu Alhamisi.

Kwa hiyo sasa gari la baba linabeba watu wawili. Wakikaa mbele. Wasishibe.

Jumatatu, 5 Agosti

Roscoe kaja na gongo la besiboli. Nilidhani wamegombana. Kumbe ndivyo wanavyofanya hapa: unalibana gongo kati ya tairi na ukingo wa bodi, unasukuma gari mbele na nyuma, ukingo unajikunja kwa ndani, nafasi inapatikana. Nikauliza, na rangi? Akasema mara nyingine inapasuka. Kidogo.

Rangi hiyo baba aliipiga mwenyewe, mwaka ule mkono wake wa kulia ulishaanza kutetemeka. Nikasimama mbele ya gurudumu na mtoto kiunoni. Sikupiga kelele. Nilisema tu gongo lirudi lilikotoka.

Wendell akamwambia nduguye aende nyumbani. Hakuniangalia. Lakini alimwambia.

Ijumaa, 9 Agosti

Amani. Wendell kasema ana njia nyingine, isiyogusa rangi. Nimempikia.

Alhamisi, 15 Agosti

Anapiga mluzi gereji. Mlango umefungwa. Nina matumaini, Mungu anisamehe, mimi ni mtu wa matumaini.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandikia nje. Nieleze nilipokaa.

Asubuhi nimemvisha Odessa gauni la kijani, nimetoka na kiti chake. Na kwenye nyasi mbele ya nyumba, pamewekwa vizuri kama sebule, kiti cha nyuma cha gari la baba. Wamekifungua. Wamekitoa. Hiyo ndiyo njia isiyogusa rangi: pasipo kiti hakuna abiria, pasipo abiria tairi haisugui. Werevu kabisa. Tukiondoa na usukani hatutapata ajali.

Wendell kaeleza. Ni saa chache tu, mama yake atabaki na Odessa, mwaka kesho mtoto atakuwa mkubwa na atafurahia zaidi. Alieleza vizuri. Safari hii hakupendeza.

Sikubishana. Nimekaa kwenye kiti, nikamweka Odessa mapajani, nikamnyonyesha.

Roscoe akaja akiigonga saa yake kwa kidole. "Shemeji, inuka basi, wenzetu wameshajaa barabarani."

"Nimeshapanda," nikamwambia. "Twendeni."

Akacheka. Halafu akaacha.

Muda mrefu umepita tangu hapo. Woodward inaunguruma, kutoka hapa ni nyumba tatu tu. Mwanamume mmoja kasimamisha gari kuuliza kiti tunauza kiasi gani. Nimemwambia kina watu. Mama mkwe kafika, kaangalia kiti, kaangalia gari, kaangalia wanawe. Kaketi kando yangu, na kofia yake. Springi zimelia na wala hakuna aliyesema neno. Odessa kamshika kidole, anakitafuna kwa lile jino moja.

Roscoe kaenda kukaa kwenye ngazi. Ameacha kuongea, jambo ambalo daktari angetaka kulijua.

Wendell amepiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, upande wa pili wa gari. Naona kichwa chake tu, na kiwiko kinavyokwenda. Ana spana. Anakaza nati aondoke, au anazilegeza ayavue matairi. Kutoka hapa sioni.

Mama mkwe kaniuliza kama naona. Nimesema hapana. Tumesogea kidogo, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.